Nywele za Watu Arobaini na Mmoja

Jumanne, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na daktari wa zahanati. Amesema kila asubuhi niandike mambo matatu: presha imesomaje, jana nilikula nini, na moyo umeruka mara ngapi. Nikamuuliza, "Na nikitaka kuandika mengine?" Akacheka. "Andika tu, bibi, mradi hayo matatu yasikosekane." Basi asije akanilaumu.

Presha 164 kwa 96. Jodari mchana, jodari jioni. Moyo umeruka mara tatu, kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi.

Nina miaka sitini na nane na kazi yangu ni ususi. Saluni ni chumba cha mbele cha nyumba yangu: viti viwili, kioo kimoja, na benchi la wanaosubiri na wasiosubiri chochote. Wanawake nawasuka, wazee wa kiume wapenda porojo nawapunguza. Dirishani naliona soko la samaki. Meza ya tatu kutoka mlangoni ni ya mdogo wangu wa kike, na hata nikifunga dirisha namsikia.

Mvua imeanza leo.

Jumatano, 5 Machi

160 kwa 95. Papa wa kukaanga. Mara mbili. Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

166 kwa 97. Jodari. Mara nne.

Amekuja fundi cherehani, rafiki wa marehemu mume wangu, kupunguzwa nywele ambazo hana. Kama kawaida yake, kabla hata hajakaa: "Shemeji, nywele zangu zimefika wapi?"

Nikamjibu, "Zimeolewa mjini."

Tulicheka, lakini mwenzangu alikuwa anahema kama aliyepanda kilima, na kutoka kwake hadi kwangu ni hatua sitini.

Niliandike jambo hili vizuri. Mwezi wa nane mwaka jana alikuja hapa binti mtafiti na mkoba wa bahasha. Akasema wanapima zebaki kwenye miili ya wazee wa pwani, waone kama ina uhusiano na maradhi ya moyo, na kwamba zebaki hujiandika kwenye nywele. Wazee wakagoma. Nani ampe mgeni nywele zake? Nikasimama mimi. Nikasema nitakata mwenyewe, kwa mkasi wangu, kisogoni, kishungi kidogo tu. Tukawa watu arobaini na mmoja, wote tumepita sitini, mimi na mdogo wangu tukiwemo. Kila bahasha nikaiandikia namba, na nisije nikachanganya, nikaandika namba na jina kwenye kitabu changu cha wateja. Binti akasema majibu ni miezi miwili.

Imetimia saba. Aliyewaambia "njooni, mimi nipo" si yule binti. Ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepiga simu ya binti. Haipatikani.

Ijumaa, 14 Machi

162 kwa 95. Papa. Mara tatu. Simu haipatikani. Mtoto mwizi, huyo. Kachukua nywele za wazee, kapata cheti, kapotea.

Jumanne, 18 Machi

Mwanangu kapiga kutoka huko bara anakofanya kazi ya benki. "Mama, njoo ukae na mimi. Hapa hakuna unyevu, hospitali iko karibu, utapumzika."

"Nipumzike kwani nimechoka?"

"Moyo wako umechoka, Mama."

"Moyo wangu haukukutuma uusemee."

Anaongea na mimi siku hizi kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Ni huyuhuyu niliyemfuta kamasi.

Jumatatu, 24 Machi

Fundi cherehani amefariki. Jana asubuhi, akiwa kwenye cherehani, mguu bado uko kwenye pedeli. Moyo.

Sikupima presha.

Alhamisi, 27 Machi

Tumemzika katika mvua, matope hadi vifundoni. Mjane wake alinishika mkono tukiwa tunarudi. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Wewe ndiye uliyemkata nywele. Zilisemaje?"



Nimekwenda zahanati moja kwa moja, na matope yangu. Nikamwambia daktari anieleze kama anavyomweleza mtu mzima. Akaniambia zebaki hutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe na machimbo, ikaanguka baharini. Vidudu vinaila, samaki wadogo wanavila vidudu, wakubwa wanawala wadogo, na kila mlaji anabeba mzigo wa aliyeliwa. Papa, jodari, nduaro, hao ndio wenye mizigo mizito. Mwisho wa foleni tupo sisi.

"Ndiyo iliyomuua fundi?"

"Siwezi kusema hivyo, na nisikudanganye. Alikuwa na presha, alivuta sigara miaka arobaini. Lakini moyo wa mzee una mizigo yake tayari. Zebaki ikizidi, inaweza kuwa mzigo juu ya mzigo. Ningekuwa na majibu yenu ningejua nani wa kumwangalia zaidi."

"Kwa hiyo tuache samaki?"

"Hapana! Samaki ni mzuri kwa moyo. Badilisheni samaki. Dagaa, vibua, hawa wadogo."

Nikatoka. Waliomwaga hiyo zebaki hawajui hata jina la soko letu, na sisi ndio tunaoambiwa tubadilishe chungu. Sawa. Nitabadilisha chungu. Lakini majibu yangu nitayataka.

Ijumaa, 28 Machi

168 kwa 98. Dagaa. Mara tano, kwa hasira nadhani.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda mjini peke yangu kwenye ofisi ya mradi ule. Ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Nilipumzika kila ngazi ya kumi, moyo ukipiga kama mtu aliyefungiwa ndani.

Mkuu wa ofisi ni bwana mnene mwenye tabasamu la kuazima. Akaniita "bibi yetu." Akasema majibu bado yanachambuliwa, na kwamba hata hivyo takwimu ni mali ya mradi.

"Nywele zilikuwa kichwani mwangu."

"Ni kweli, bibi yetu, lakini kitaalamu…"

"Baba, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nywele mmezichukua. Akili mmeniachia."

Katibu wake alijificha nyuma ya faili akicheka. Mkuu hakucheka. Akaniambia nirudi baada ya mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Kulala tu. Miguu imevimba. Daktari kaongeza kidonge.

Alhamisi, 10 Aprili

158 kwa 94. Vibua. Mara mbili.

Nimegombana na mdogo wangu. Amesikia ninawakusanya watu twende mjini. Amekuja na aproni yake ya plastiki, inachuruzika maji, akasimama katikati ya saluni mbele ya wateja.

"Dada, unajua mimi nauza nini?"

"Najua."

"Nauza jodari na papa. Nimeuza miaka thelathini. Ndio waliosomesha hata huyo mwanao, usijisahaulishe! Sasa unataka watu waikimbie meza yangu?"

"Nataka wakimbie kaburi."

"Fundi alikuwa mzee!"

"Na wewe una sitini na tatu. Utakuwa kijana mpaka lini?"

Nilikuwa namtania, lakini lilitoka kali. Akanitazama, akaokota ndoo yake, akaenda. Wateja wote ghafla wakaona kitu cha kuvutia sakafuni.

Mdogo wangu huyu nilimbeba mgongoni. Leo nimemwona mtu aliye tayari kuficha moto kwa sababu anauza kuni. Hivyo ndivyo ninavyomwona, na nimeandika.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Hajanisalimu. Dirishani simsikii hata akiita wateja. Presha 165.

Jumatano, 16 Aprili

Leo ndiyo siku. Tulikwenda wazee kumi na mmoja. Mjane wa fundi alikuja, amevaa koti la mumewe. Tulipanda zile ngazi kwa zamu, mmoja akihema wengine wanamsubiri, tukafika ghorofa ya tatu saa nne asubuhi, tukakaa mapokezi kwenye viti, na viti vilipoisha tukakaa sakafuni.

Mkuu alituma watu watatu kutuambia yuko kikaoni. Tukasema kikao ni kizuri, na sisi tuko kikaoni.

Saa sita kamili nilitoa vidonge vyangu. Ndiyo saa yangu. Mwenzangu akatoa vyake. Mara wote kumi na mmoja tumefungua vipakiti, vya presha, vya moyo, vya kisukari, na nikamwambia yule dada wa mapokezi kwa adabu kabisa, "Mwanangu, tunaomba maji ya kunywea dawa za moyo. Wote. Na kama kuna anayejua huduma ya kwanza, akae karibu."

Alikimbia. Maji yalikuja, na mkuu alikuja nyuma ya maji, na nyuma ya mkuu, jamani, alikuja yule binti mtafiti. Nilikuwa nimeandaa maneno yake miezi. Lakini amekonda, na alipoamkia, "Shikamoo, bibi," macho yalikuwa yamejaa.

"Marahaba. Umetufanyia nini?"

Alimtazama mkuu, kisha akamwacha, akanitazama mimi. Akasema mbele ya watu wote: "Majibu yalikamilika mwezi wa kumi na mbili, bibi. Nilitaka kuyaleta. Niliambiwa yatatia watu hofu na kuua soko, yasubiri wakati mwafaka. Nilipobisha nikahamishiwa mradi mwingine na ile simu ikachukuliwa."

Mvua tu kwenye bati la jirani.

Mjane wa fundi ndiye aliyesema. "Mume wangu hakusubiri wakati mwafaka."

Mkuu akajipangusa paji la uso. Akasema basi, tutapewa orodha, lakini ni ya namba tupu, kwa sababu majina yalifutwa kulinda siri zetu. Aliitoa kama mtu anayetoa sahani isiyo na chakula. Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, baba. Majina ninayo mimi."

Alhamisi, 17 Aprili

Sijapima. Nimekaa na orodha na kitabu changu cha wateja tangu alfajiri. Orodha ina mstari mwekundu; aliye juu ya mstari mzigo wake umezidi. Kumi na wawili wako chini. Ishirini na tisa juu.

Mimi ni mara tatu ya mstari.

Fundi cherehani, mara nne.

Aliye juu kuliko wote ni mdogo wangu. Mara sita. Kila siku anakula vipande vya papa visivyouzika, amesimama, kwa mkono, miaka thelathini.

Na aliye chini kuliko wote, karibu sifuri, ni mwenyekiti wa soko la samaki. Nimecheka hadi moyo ukaruka.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeweka utaratibu. Kila mtu anapewa namba yake peke yake, akiwa kwenye kiti, kitambaa shingoni, mlango umefungwa. Sisemi ya mtu kwa mtu. Kisha namtuma kwa daktari na karatasi. Msusi anajua siri za vichwa vya mtaa mzima. Hii ni moja zaidi.

Wanavyopokea! Mmoja amenibusu mkono. Mmoja kauliza kama akikata nywele zote zebaki itatoka. Mjane wa fundi alipokea namba ya mumewe, akaikunja ndogo kabisa, akasema, "Angalau sasa wamemjibu."

Jumanne, 29 Aprili

154 kwa 92. Dagaa, dagaa, dagaa. Nitaanza kuogelea kwa kundi. Mara moja.

Mdogo wangu hajaja. Nimemtumia ujumbe kwamba namba yake ipo. Amejibu: "Kaa nayo."

Jumanne, 6 Mei

Mvua imeng'oa paa la upande wa soko. Mauzo ya samaki wakubwa yameshuka, na mwenyekiti anasema ni mimi. Ameita mkutano Jumamosi. Ajenda ni "uzushi unaoenezwa na saluni." Anataka nifungiwe.

Mwanangu naye kapata habari. "Mama, unagombana na soko zima? Nakuja kukuchukua mwisho wa mwezi. Nimeshaamua."

Nimeshaamua! Mtu anaamua nyumbani kwa mtu.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi mapema, kabla sijafungua, mlango umegongwa. Mdogo wangu. Hakusalimu. Alivua aproni, akaitundika, akakaa kwenye kiti. Tukatazamana kiooni.

"Nipe yangu."

Nikamwambia. Sikupunguza wala sikupamba. Nikamwambia pia aliyosema daktari, kwamba si hukumu, kwamba mwili huutoa mzigo huu polepole ukiacha kuuongezea, kwamba presha na moyo lazima vipimwe leo hii.

Mikono yake ilikuwa mapajani, imejaa makovu ya visu. Aliitazama. Kisha akainuka, akavaa aproni, akatoka. Nimebaki nimeshika kitana.

Presha 170 kwa 100.

Jumamosi, 10 Mei

Mkutano ulifanyika chini ya lile paa lililobaki, mvua ikimwagika upande mmoja. Watu kama mia. Mwenyekiti alisimama juu ya kreti.

"Huyu bibi hana elimu ya udaktari. Anakata nywele! Leo anasema samaki ni sumu, kesho atasema maji ni sumu. Zebaki gani? Nani ameiona?"

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na namba yake mfukoni. Ningesema neno moja tu: huyu mwenye soko la samaki hali samaki. Soko zima lingemzomea hadi atoe machozi. Lakini alikaa kwenye kiti changu mwezi wa nane kama wengine, na nilimwahidi siri kama wengine. Nikaumeza.

Nikasema, "Sijasema samaki ni sumu. Nimesema wakubwa wana mzigo, na sisi wazee tuwale kwa nadra. Na nimesema mlipimwa mkafichwa. Kama hilo ni uzushi, mnifungie leo."

"Nani shahidi wako?" akapaza sauti. "Namba zisizo na majina! Mtu mmoja tu ajitokeze!"

Hakuna aliyejitokeza. Siwalaumu, siri ya mwili ni siri. Moyo wangu ukaanza kule kuruka kwake, nikashika meza.

Ndipo nikasikia ile sauti ya kuita wateja ambayo sikuwa nimeisikia mwezi mzima. Wala hakupanda kreti. Alisimama nyuma ya meza ya tatu, kisu mkononi.

"Mimi. Namba yangu ni mara sita ya mstari. Hakuna anayenizidi. Jana daktari kanipima, moyo wangu umeanza kutanuka, na sikuwa najua. Ningeanguka hapahapa mbele yenu, na mwenyekiti angesema ni uzee." Akachoma kisu kwenye ubao. "Nani anasema dada yangu mwongo? Aje aseme akiwa karibu."

Hakuna aliyekwenda karibu.

Kisha kizee mmoja akainua mkono, mara mbili ya mstari. Mwingine, mara tatu. Mwingine akasema yuko chini ya mstari na anamshukuru Mungu na vibua. Watu wakacheka, na hasira ya mkutano ikavunjika. Mwenyekiti akashuka kwenye kreti taratibu.

Nilikuwa nimeandika kwamba mdogo wangu anaficha moto. Silifuti, ila naongeza: alikuwa amesimama ndani yake.

Jumatano, 14 Mei

152 kwa 90. Vibua. Mara moja.

Mwenyekiti amepita mlango wa uani, kofia imevutwa hadi machoni. "Dada, na mimi nipe yangu." Nikampa. Akainamisha kichwa. "Samaki hunichefua tangu utotoni," akasema. "Usimwambie mtu."

"Nimekaa nayo mwezi mzima, baba. Ningetaka ungekuwa umeshazomewa."

Jioni hii ameniletea salamu: bango la daktari litabandikwa mlangoni mwa soko, kwa wino wa soko.

Jumanne, 20 Mei

Meza ya tatu ina dagaa na vibua upande mmoja, jodari upande mwingine. Kila mzee akigusa jodari, mdogo wangu anamuuliza umri. Wengine wamekasirika wakahama meza. "Waende," anasema. "Nitawazika bei nafuu." Wateja wamepungua, sidanganyi. Yeye hajapungua.

Tumeiandikia ofisi kwamba tunataka tupimwe tena baada ya mwaka, na majibu yasomwe hapa, mbele yetu. Wamejibu kwamba watalitafakari. Tumewajibu kwamba tuna vidonge vya kutosha.

Jumapili, 25 Mei

148 kwa 88. Daktari anasema ni dawa, chumvi niliyopunguza, na ukaidi.

Mvua imekatika. Mwanangu kafika na gari saa tatu, kaingia moja kwa moja chumbani, akatoa begi langu, akapakia nguo, huku ananiambia kwa ile sauti ya dawa ya kikohozi kwamba ni kwa faida yangu. Nilimwacha. Nilikuwa nasuka, mteja alikuwa kichwa nusu.

Alipofunga buti, mdogo wangu alivuka barabara kutoka sokoni, mikono ina magamba hadi viwikoni. Akafungua buti. Akatoa begi.

"Mama mdogo, tafadhali," akasema mwanangu. "Moyo wake unaumwa."

"Na wangu. Tunaumwa pamoja, tunapima pamoja kila asubuhi. Huko kwako nani atamgombeza?"

"Nataka tu asife, Mama mdogo."

Hapo nilitoka, kitana mkononi. Nilimwona alivyo: si bwana wa benki, ni mtoto anayeogopa. Nimemkasirikia msimu mzima na sikuwahi kuliona hilo. Nikamshika shavu.

"Nitakufa, baba, kama watu wote. Lakini sitakufa nimekaa kimya kwenye kochi la mtu. Kesho nina vichwa saba."

Mdogo wangu alikuwa ameshaingia na begi ndani, magamba ya vibua yamejaa kwenye mpini. Mwanangu akavua viatu, akaingia, akakaa kwenye benchi na wale wasiosubiri chochote.

"Basi angalau nipunguze nywele," akasema.

Nikamwambia asubiri zamu yake.